Zungusha Mbele Tu

Kwenye kaunta ya duka langu la fotokopi hapa Kondele, Kisumu, nimebandika karatasi: ZUNGUSHA MBELE TU. Haitiiwi na mtu. Mtoto akiona hendeli, la kwanza ni kuirudisha nyuma. Mtu mzima naye hufanya vivyo hivyo, ila yeye huangalia kwanza kama ninamwona.

Ninakusanya otomata. Ni sanamu ndogo za mbao, bati, waya au karatasi zilizofungwa mtambo tumboni. Unazungusha hendeli ya pembeni, na kilichokuwa kimetulia kinaanza kulima, kula, kupigana, kufa na kufufuka. Hazina betri wala programu, na nyingi ni kazi ya mtu mmoja mwenye msumeno mdogo na subira nyingi. Wenzangu wanaozikusanya huko nje huzifungia kwenye kabati la kioo. Mimi nimeziweka pale mteja anaposubiri kopi ya kitambulisho. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini, na leo nataka kujibu kwa urefu.

Kwanza zinavyofanya kazi. Kwa anayejua injini hakuna fumbo. Ndani ya injini ya pikipiki ya petroli ya boda boda mna kamshafti, chuma kinachozunguka chenye nundu. Nundu ikisukuma, valvu inafunguka, ikishapita springi inaifunga. Otomata ni hayo hayo, ila mahali pa valvu pana mkono wa mtu au shingo ya jogoo. Kuna shafti, kuna visahani vya mbao vilivyokatwa kwa maumbo mbalimbali, yaani kamu, na juu ya kila kamu kuna fito inayopanda na kushuka. Kamu ya duara iliyotobolewa tundu nje ya katikati inapandisha na kushusha taratibu. Kamu yenye umbo la konokono inapandisha polepole halafu inaangusha ghafla. Hiyo ndiyo ya nyundo, ya jembe, ya mlinzi anayesinzia na kushtuka. Ongeza krenki ya waya na gia moja au mbili, na umemaliza karibu kila kitu nilichowahi kukuta humo ndani.

Ugumu uko kwenye kupanga muda, yaani kipi kitangulie na kipi kifuate. Chukua mtu anayelima. Kichwa kikigeuka kabla ya jembe kushuka, anaangalia anapolima. Kikigeuka baada ya jembe kushuka, anaangalia kama kuna aliyemwona akikata mahindi ya jirani. Mbao ni zile zile na misumari ni ile ile, lakini umesogeza kamu kidogo tu kwenye shafti, na tayari una habari nyingine kabisa.

Historia yake ni ndefu na nitaipita mbio. Al-Jazari alimaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, na humo mna mashua ya wanamuziki wanne wanaopiga ala kwa nguvu za maji. Pierre Jaquet-Droz na wenzake wa Uswisi walitengeneza mtoto anayeandika kwa kalamu ya unyoya, mwenye vipande karibu 6,000, ambaye unaweza kumpangia maneno yoyote hadi herufi 40. Waliwaonyesha watu mwaka 1774, na mpaka leo yuko Neuchâtel, anaandika.

Ninayempenda mimi katika hao wa kale ni chui wa Tipu. Naam, ni simbamarara, lakini hapa kwetu kila mnyama wa aina hiyo ni chui. Tipu Sultan wa Mysore, kusini mwa India, aliwachukia Waingereza kwa sababu zinazoeleweka, akawa na simbamarara wa mbao, karibu ukubwa wa kweli, aliyemlalia askari wa Kizungu na kumng'ata shingo. Ukizungusha hendeli, mkono wa askari unapanda na kushuka, analia, na mnyama ananguruma. Waingereza walimuua Tipu mwaka 1799, wakamteka mnyama wake, wakampeleka London. Sasa mnyama yuko kwenye Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert. Lakini kabla ya hapo aliwekwa kwenye nyumba ya Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, ambapo raia yeyote angeweza kuingia na kuzungusha. Na walizungusha! Waliokuwa wakisoma maktabani humo walilalamikia makelele, na mwishowe hendeli yenyewe ikapotea. Nikisoma habari hiyo huwa nacheka peke yangu, maana wale waliokuwa wakizungusha nawajua. Huwa wanakuja kwangu kutoa fotokopi.

Otomata za siku hizi nazo zina asili ya duka. Mwaka 1979 Sue Jackson alikuwa na duka la kazi za mikono mjini Falmouth, katika jimbo la Cornwall, kule Uingereza inakoishia baharini kusini-magharibi. Waliomletea kazi ni pamoja na Peter Markey, aliyekuwa mwalimu wa sanaa, na Paul Spooner. Markey alitaka vitu rahisi: vipande vya mbao vilivyopakwa rangi bila madoido, mawimbi yanayopanda na kushuka, basi. Spooner ana mzaha wa kiza. Anampenda Anubis, mungu wa Wamisri wa kale mwenye kichwa cha mbweha, na humfanyisha kazi zisizolingana na cheo chake. Ninayoitamani kuliko zote ni ile ya mwanamume aliyeketi kwenye hodhi la kuogea lililojaa tambi, anakula tu. Sijui ningeiweka wapi kaunta, lakini ningetafuta nafasi.

Si kila kilichofika dukani Sue Jackson alikiuza. Vingine alivibakiza, na hivyo ndivyo mkusanyiko ulivyoanza, ule ulioitwa Cabaret Mechanical Theatre. Miaka ya 1980 ulihamia Covent Garden, katikati ya London, ukakaa huko hadi mwaka 2000, na tangu hapo umekuwa ukitembezwa nchi mbalimbali. Humo ndimo mafundi wengi walimofahamika: Ron Fuller, Tim Hunkin, Keith Newstead aliyefariki mwaka 2020, baadaye Carlos Zapata, mzaliwa wa Kolombia aliyehamia Cornwall. Wengi husema kilichowalea ni kipaji cha mama huyo cha kutambua vipaji. Sibishi. Ila mimi muuza duka naona jambo la pili: kazi zao zilikuwa mahali ambapo watu wasiojua chochote kuhusu sanaa walizianzisha wenyewe, wakacheka au wakaondoka, na fundi akapata habari.

Hunkin ameliendeleza hilo mpaka mwisho. Mwaka 2015 alifungua Novelty Automation, mtaa wa Holborn, London, chumba kimejaa mashine zake. Mojawapo inakupapasa mwili kwa glavu za mpira zinazojaa upepo, kuwacheka askari wa viwanja vya ndege. Nyingine inaitwa “Je, Hii ni Sanaa?”: unaweka kitu chako chochote mbele ya sanamu ya mkuu wa makumbusho, anakiangalia, kisha anatoa hukumu. Ningeipata hiyo ningeiazima kwa jopo lolote la mashindano ya sanaa nchini.

Upande wa pili kabisa yuko Mmarekani Arthur Ganson. Amefunga mota inayozunguka mara 200 kwa dakika, ikifuatwa na jozi 12 za gia, kila jozi inapunguza mwendo mara 50. Piga hesabu mwenyewe: gia ya mwisho itamaliza mzunguko mmoja baada ya miaka zaidi ya trilioni 2. Kwa hiyo ameizika ndani ya zege. Mota inazunguka, zege halipasuki, hakuna kinachogombana. Kwa ufundi naivulia kofia, ila ukweli ni kwamba mteja wa Kondele angeitazama sekunde tatu na kuuliza kama kopi zake ziko tayari.

Mimi nilianza na karatasi. Mwingereza Rob Ives huuza michoro ya otomata za kukata na kugundisha. Nina printa, nina manila, sikuhitaji zaidi. Tatizo la karatasi ni ziwa. Unyevu wa Kisumu unailegeza, na ikifika Aprili farasi wangu wote walikuwa wameinamisha vichwa. Zamu yangu ya chama ilipofika nikaagiza ya mbao kutoka Cornwall, ya mamia ya pauni, na mume wangu akaninunia mpaka alipoizungusha. Kabla ya hapo, mahali fulani kati ya ndege na duka langu, afisa mmoja alikuwa ameifungua, akataka kujua betri inaingia wapi, asipopaona akaandika kuwa imeharibika, na bado akanitoza ushuru wa kitu kizima.

Mvua za masika zilipokolea, ikakwama. Hendeli haikwenda mbele wala nyuma. Nikaibeba hadi soko la Kibuye, kwa fundi mmoja wa viti vya sebuleni ambaye nilikuwa nikimwona akifanya kazi ndogondogo kwa unadhifu usiohitajika kwenye viti. Alikulia Siaya akitengeneza magari ya waya, yale ya usukani mrefu na magurudumu ya patapata zilizochakaa. Aliifungua, akaingiza ukucha kati ya shafti na tundu lake, ukucha haukuingia.

“Madam,” akaniambia, “aliyetengeneza hii hajawahi kuona Aprili ya kwetu.”

Mbao zilikuwa zimekunywa maji na tundu limeikaba shafti. Alilipanua, akakata mrija wa biro iliyokwisha, akauchomeka mle ndani shafti izunguke kwenye plastiki badala ya mbao, kisha akapaka nta ya mshumaa. Mafuta alikataa katakata: yananasa vumbi, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa mawingu wakiona taa, wakishagandia humo ni uji mtupu. Imezunguka tangu siku hiyo. Nililipa kidogo kiasi cha kuona haya, nikamwuliza kama angeweza kutengeneza yake.

Ya kwanza aliyoniletea ni mama wa omena. Ameanika samaki wake kwenye wavu, ana fimbo mkononi, na nyuma yake kuna kunguru. Unazungusha: kunguru anainama, anadokoa, anainuka, ndipo mama anageuka. Kila mara amechelewa. Shafti ni spoki ya baiskeli, kamu ni za plaiwudi, mama mwenyewe ni wa jakaranda. Uso wake hauna mdomo, ni macho tu na pua, kwa sababu fundi alisema akimwekea mdomo itabidi awe anatukana.

Ilidumu kaunta siku chache tu. Kamu ya kunguru ilikuwa ya konokono, na kamu ya konokono ukiirudisha nyuma, fito inagonga ule ukuta wake wa kushukia; anayelazimisha anaivunja. Walilazimisha. Hapo ndipo nilipobandika ile karatasi, na hapo ndipo fundi alipouliza swali ambalo msomi wa sanaa asingeuliza: “Wanarudisha nyuma wote, ama ni watoto?” Nikamwambia wote. Akaenda kwa mrekebishaji wa baiskeli, akarudi na frewili kuukuu, ile gia ya nyuma ya baiskeli inayoshika upande mmoja tu. Kisumu haikosi vyuma vya baiskeli. Zilikuwa ndizo boda boda kabla pikipiki hazijaingia. Akaifunga kati ya hendeli na shafti. Sasa ukizungusha mbele, mama anachelewa kama kawaida. Ukizungusha nyuma, hendeli inajiendea bure ikilia trrr, na hakuna kinachovunjika. Matokeo yake watu wanarudisha nyuma makusudi waisikie. Karatasi imebaki kwa ajili ya ile otomata ya Cornwall tu.

Hii ndiyo sababu yangu ya kaunta. Kabatini, mama wa omena angekuwa mzuri na fundi wake angeamini amemaliza. Mikono ya wateja ndiyo iliyomwonyesha spoki inapopinda, rangi inayobanduka kwanza, na kwamba mtu mwenye haraka huzungusha kasi mpaka kichekesho hakionekani. Hilo la kasi alilitatua kwa kufupisha hendeli. Hendeli fupi ni nzito kidogo, mtu anapunguza mwenyewe. Mkusanyaji anayefungia kazi ya fundi aliye hai anamnyima fundi huyo darasa. Fundi akishafariki, sawa, leta kioo.

Iliyofuata ndiyo fahari ya duka: fahali wa Kakamega. Nilimpeleka fundi mwenyewe Malinya, wanakopiganishwa fahali, Jumamosi moja alfajiri, kwa sababu alikuwa anataka kuchonga fahali kutoka kwenye picha ya simu na nilikataa. Alikaa akiangalia miguu. Aliniambia baadaye kwamba pembe hazina habari, fahali anasukuma kwa miguu ya nyuma, na anayeshindwa huanza kushindwa kwenye kwato kabla umati haujajua. Kwa hiyo fahali wake wamefungwa pembe kwa pembe, lakini kinachocheza ni mapaja.

Mtambo ni wa gia mbili za plaiwudi zenye meno ya misumari. Moja ina meno 12, nyingine 13. Mweusi yuko kwenye shafti ya kwanza, mwekundu kwenye ya pili, na kwa kuwa meno hayalingani, wanapishana kidogo kwa kila mzunguko. Unaanza mweusi akisukuma na mwekundu akirudi. Taratibu wanakaribiana, mpaka wanasukuma kwa pamoja na vichwa vyote viwili vinanyanyuka juu. Kisha mwekundu anachukua nguvu. Inabidi uzungushe mara 13 ndipo pambano lirudi lilipoanzia, na hakuna anayehesabu, kwa hiyo kila anayekuja anadhani ameona mshindi wa kweli. Chini yao kuna kifuniko cha bati kinachogongwa na nundu tatu: ndiyo isukuti. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka tangu mwaka 2014. Mzee mmoja kutoka Shinyalu aliyekuja kutoa kopi za hati ya shamba aliniambia kifuniko changu kinapiga mdundo wa mazishi. Fundi amesogeza nundu moja. Mzee hajarudi kuthibitisha.

Sasa bei. Mtu akiambiwa fahali wale ni elfu kumi na nane, hushika kiuno.

“Hii toi ya mtoto?”

Nimeacha kubishana. Namwuliza tu kiti kimoja cha sebuleni anakinunua bei gani na kinachukua siku ngapi kutengenezwa, halafu namwacha azungushe. Lakini nakiri swali lake lina mantiki. Wote tulikua tukiona magari ya waya yakitengenezwa bure na watoto, kwa hiyo kitu chochote cha waya kinachosogea tunakikadiria kwa bei ya utotoni. Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayetengeneza miwani ya ajabu kwa takataka na sanamu kwa vyuma vya baiskeli za Black Mamba, amepata jina na maonyesho ughaibuni. Vitu vyake havisogei, ila jicho la kuokota ni lile lile. Sitaki fundi wangu asubiri mpaka Mzungu amwone. Kwa hiyo nina kanuni tatu ninazozishika: nalipa nusu kabla hajaanza, matengenezo ya baadaye nayalipia kando, na jina lake liko chini ya kila kazi, limechomwa kwa msumari wa moto.

Kitu kimoja tunagombana. Anataka mota. Ana mota za redio na printa mbovu debe zima, nyingine nilimpa mimi mwenyewe, na anasema mashine inayojiendesha itavuta watu kutoka barabarani. Mimi nasema inayojiendesha mtu anaiangalia mara moja na kuizoea. Hakunisikiza: alifunga mota kwenye kinyozi anayemnyoa mteja anayetikisa kichwa, akaipeleka kwa kinyozi wa kweli, jirani yangu wa mlango wa tatu. Watu wanajaa pale. Sijapata jibu la hoja hiyo, na fundi anajua sijapata.

Kwa sasa kuna kazi nyingine mezani kwake. Nimeagiza mpiga nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo. Ameshatatua mguu: mchezaji wa kweli huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo mbao ya ala, na gumba moja linalogonga ni kamu moja tu. Njuga za gara za mguuni amezitengeneza kwa vizibo vya soda. Shida ni vidole. Nyatiti ina nyuzi nane, mikono yote miwili inacheza kwa karibu sana, na hakuna nafasi ya kupitisha fito zote hizo ndani ya mikono yenye unene wa penseli. Anafikiria kutumia waya za breki za baiskeli, zipite ndani ya mgongo wa mchezaji na kutokea mabegani. Mimi nilipendekeza vidole viwili tu vicheze, na vingine vitulie. Alinitazama kwa huruma.

“Madam, si atawekwa kaunta? Mjaluo wa kwanza akiingia hapo atahesabu.”

Ameniomba pesa ya waya za breki.